Sanduku la Msaji na Kampuni ya Betri

Tabia alirudi Bagamoyo kutoka Mlingotini, kwenye matanga ya shangazi yake, akazikuta nguo zake zimekunjwa vizuri kuliko anavyozikunja mwenyewe. Doti za kanga, mabuibui mawili, gauni la Idi, shuka za akiba, vyote vimepangwa juu ya mkeka kama vitu vya dukani, na juu yake limetandazwa gazeti kuzuia vumbi. Akasimama mlangoni, kikapu kichwani, asikitue. Mume akikukunjia nguo bila kuombwa, kuna jambo kalitenda.

Jambo lenyewe halikumpa taabu kulitafuta. Kando ya kitanda, mahali sanduku lilipokaa tangu siku aliyoolewa, palikuwa na sakafu tupu, na mende mmoja kasimama katikati yake, naye kama haamini.

"Bwana wee!"

"Niko uani! Pole na msiba, pole na safari, umekula?"

Yote kwa pumzi moja. Tabia akatua kikapu.

Nyumba ile ilikuwa imekwisha kutoa mchango wake. Tangu Msabaha mumewe aingiwe na fikira ya kuigeuza teksi yake, Pijo kongwe ya mkia mrefu, kuwa gari la muziki na matangazo, la kwanza Bagamoyo nzima, vitu vilikuwa vinatoka ndani kimoja kimoja na kuingia garini. Nusu ya sufi ya godoro ilikwenda kuzuia mwangwi, ndiyo maana siku hizi mke na mume walilala wameinama upande mmoja kama mashua iliyoingia maji. Pazia la sebuleni lilikwenda. Parafujo za kiti zilikwenda, kiti kikabaki kimesimama kwa imani tu. Viti vya nyuma vya teksi navyo viling'olewa kupisha mitambo, na tangu hapo abiria alikuwa mmoja, wa mbele, tena awe mwembamba, kwani emplifaya, ile mashine ya kukuzia sauti, ilikaa miguuni pake.

Sasa sanduku. Tabia alilikuta nyuma ya Pijo, mlango wa nyuma umeinuliwa, limekaa kama mgeni wa heshima. Lilikuwa sanduku la msaji, zito, la njumu, misumari ya shaba imepangwa maua upande wote wa mbele. Na katikati ya maua yale palikuwa na matundu mawili ya mviringo, kila moja upana wa sahani ya wali, na katika kila tundu spika nyeusi. Sanduku lilikuwa linamtazama.

"Umelitoboa sanduku la Bibi," alisema.

"Sikulitoboa, mke wangu. Nimelizibua masikio."

"Umelitoboa."

"Lisikie kwanza. Lisikie, halafu unitukane utakavyo."

Akaweka santuri. Tabia alikuwa amekwisha kujiandaa kuchukia, mikono kiunoni, midomo imekazwa. Lakini sauti haikutoka ile, ilimwagika. Fidla ikapanda, ngoma ikaingia chini yake nzito kama tui la kwanza, na kuku wa jirani wakaacha kuparua. Hilo likawa kosa la pili la Msabaha: kitu chenyewe kilikuwa kizuri.

"Mbona linanuka?" aliuliza santuri ilipokwisha.

"Kalafati hiyo. Spika ikivuja hewa haina sauti. Nimemwita fundi anayeziba mashua, kaziba pembeni zote kwa pamba na mafuta ya papa. Hata ulitupe baharini haliingii tone."

"Na kuzitoa?"

Msabaha akajikuna shingo. "Kuzitoa, fundi anasema, upasue spika au upasue sanduku."

Tabia akakaa juu ya tairi bovu. Sanduku lile halikuwa lake hata angetaka liwe. Lilikuwa la Bi Sihaba, bibi yake mzaa mama; likaenda kwa mama; Tabia alipoolewa likamfuata yeye. Na sasa mdogo wake, Mwanabaraka, anaolewa Ijumaa ya wiki ijayo. Alhamisi yake, alasiri, sanduku lilitakiwa lipelekwe nyumbani kwa kina bwana harusi limejaa nguo, na vigelegele nyuma, lifunguliwe mbele ya wanawake wa mji, kila kilichomo kitajwe kwa sauti. Binti asiyetanguliwa na sanduku huambiwa mpaka anazeeka kwamba aliingia nyumba ya watu na kapu.

"Umesahau harusi?" aliuliza, taratibu.

"Sikusahau. Kampuni itatuokoa."

Kampuni yenyewe ilikuwa ya Betri za Mwewe, ya Dar es Salaam, betri za tochi na redio. Barua za kuomba udhamini aliziandika Tabia kwa mkono wake, kwa kuwa hati ya Msabaha ilifanana na kuku aliyekanyaga wino. Majibu yalikuwa yamefika yeye akiwa matangani. Ofisa angekuja Jumamosi kulisikiliza gari. Akiridhika, kampuni itatoa spika zake mbili ndani ya makasha yake ya bati, betri kubwa mpya, na shilingi mia na ishirini kila mwezi, ili Pijo izunguke toka Mlingotini mpaka Kiwangwa ikipiga santuri na kumsifu Mwewe.

"Wakileta makasha yao," alisema Msabaha, mkono kifuani, "hizi zangu nazipasua kwa nyundo mwenyewe. Seremala anaziba matundu kwa msaji, tunalisugua mafuta ya nazi, Bi Sihaba hajui wala hatajua."

Tabia alimtazama, akalitazama sanduku. Akaona kwamba kuanzia saa ile yeye ndiye anayeitaka ile kampuni kuliko mumewe.

"Jumamosi nitapika," alisema.

Ofisa aliitwa Bwana Kitwana, kijana wa Kariakoo mwenye tai na viatu vya kung'aa, akashuka katika Landrova ya kampuni akikanyaga mchanga kama anakanyaga mayai. Taabu ya kwanza ilikuwa pa kumkalisha. Kiti cha nyumbani kisingemvumilia mtu, basi Tabia alikwenda kuazima kwa jirani, Mama Rehani. Mama Rehani alikubali, ila alikuja na kiti chake, na mgeni alipokaa yeye alisimama nyuma, kashika egemeo kwa mikono miwili.

"Karibu ukae nawe, mama," alisema Bwana Kitwana, akigeuka.

"Nimeshakaa," alisema Mama Rehani. "Wewe kula tu, mwanangu. Usijitikise."

Baada ya wali wakaenda sokoni kujaribu. Bwana Kitwana alianza na makasha ya kampuni. Yakafungwa juu ya Pijo, waya zikaunganishwa, santuri ikazunguka, na sauti ikatoka kama mtu anayekohoa ndani ya debe. Muuza samaki mmoja akaweka kisu chini.

"Jamani, mtoeni humo kwanza," alisema, "ndiyo aimbe."

Soko likacheka. Msabaha, uso umeng'aa, akahamisha waya akaziunganisha na sanduku, akainua mlango wa nyuma. Santuri ileile. Wazee waliokuwa wakinywa kahawa wakavisahau vikombe mkononi. Wanawake wa mboga wakasogea, wakasogea tena, mpaka mmoja akaacha mafungu yake ya mchicha yakaliwa na mbuzi asijue. Bwana Kitwana alitoa daftari, akaandika, akaacha kuandika, akabaki kulitazama sanduku. Tabia, aliyekuwa kati ya wanawake, aliyaona yale macho. Aliyajua. Ni macho ya mtu aliyekuja kuposa mkubwa akamwona mdogo.

"Bwana Msabaha," alisema ofisa, "makasha yetu nayarudisha Dar. Kampuni inalitaka sanduku. Popote litakapopita watu watasema, lile, sanduku la Mwewe! Tutalipaka rangi nyekundu, na hapa mbele, juu ya hii misumari, tutamchora mwewe kakunjua mbawa."

"Hapana taabu, mheshimiwa," alisema Msabaha.

"Basi Alhamisi asubuhi nakuja na mpiga picha, tutie saini."

"Alhamisi?" Tabia hakuwa amesema neno mbele ya mgeni toka asubuhi. "Alhamisi tuna harusi, Bwana. Isingekuwa Jumamosi?"

"Bibie, mpiga picha wa kampuni ana siku moja tu."

"Alhamisi, Alhamisi," Msabaha akadakia. "Kampuni haiambiwi njoo kesho."

Ofisa aliwaachia nakala ya mapatano wayasome. Msabaha aliisoma mara moja, kwa sauti, akirukaruka maneno marefu, na alipofika kwenye shilingi mia na ishirini akarudia mara tatu. Kisha akaitupa juu ya meza. Tabia aliichukua akaisoma jikoni, polepole, kidole chini ya kila mstari, kama alivyofundishwa shule mpaka darasa la nne lilipokwisha. Mstari wa sita ulisema kwamba atakayetia saini na kupokea malipo ni mwenye chombo cha kutolea sauti, na kwamba chombo hicho hakitapakwa rangi wala kupelekwa popote pasipo ridhaa yake.

"Bwana, mwenye chombo ni nani?"

"Mimi. Gari la nani?"

"Hapa pameandikwa chombo cha kutolea sauti. Hapakuandikwa gari."

"Mke wangu, wewe usome wali usiungue."

Tabia aliugeuza wali. Hakuwa mtu wa kunyang'anyana maneno. Lile neno alilifunika, kama mtu anavyofunika tui akisubiri samaki aive.

Msabaha naye alikuwa na mpango, na alipenda kuueleza. Alhamisi asubuhi atie saini, amwombe ofisa rangi ingoje kidogo. Alasiri sanduku liende harusini na spika zake ndani, nguo zipangwe juu, pazia lifunike matundu. Lihesabiwe, watu wapige vigelegele, kisha siku ya pili waliazime.

"Kwa nani?"

"Kwa shemeji Mwanabaraka."

"Mwanabaraka atakuwa bibi harusi ndani ya nyumba ya watu. Likishaingia mle, anayeombwa ni Bi Mardhiya."

Bi Mardhiya alikuwa shangazi wa bwana harusi. Mwaka uliopita alirudisha pilau ya msibani kwa kuwa ilipungua chumvi.

Alhamisi asubuhi ofisa hakutokea. Mvua ilikuwa imenyesha, na mwenye basi lililotoka Dar alisema ameiona Landrova huko Kerege imezama matope mpaka milangoni, na kijana mwenye tai juu ya boneti anapiga kelele. Msabaha alichungulia barabara mpaka adhuhuri. Alasiri wanawake wakaja, kanga sare, vibuyu vya maji ya waridi mkononi, na Bi Sihaba mbele yao na fimbo yake.

Sita walijaribu kulinyanyua sanduku ili walibebe kama desturi. Halikutikisika. Spika zile zilikuwa na sumaku nzito kama mawe ya kusagia.

"Mmetia nini humu?" aliuliza mmoja.

"Heri," alisema Tabia.

"Basi heri yenu ina uzani."

Bi Sihaba alisogea, akanusa. "Mbona linanuka mashua?"

"Udi ulituishia, Bibi."

Ikabidi udi uletwe, wakalifukiza sanduku garini hukohuko, na harufu iliyopatikana haikuwa ya udi wala ya papa, ila ya papa anayekwenda harusini. Bi Sihaba akakohoa akasema lisishushwe, liende hivyohivyo kwa gari, ni jambo la fahari, wala hakuna ukoo uliopeleka sanduku kwa gari kabla yao. Hapo Tabia akapata kuvuta pumzi. Mwanabaraka alibaki ndani, mikono na miguu imefungwa hina. Pijo ikaondoka mwendo wa kobe, wanawake pande zote wakiimba na kupiga makofi, na Msabaha kwenye usukani, jasho linamtiririka, amekwisha kuapa kwa Mungu wake kwamba hatagusa kitufe hata kimoja.

Mbele ya nyumba ya kina bwana harusi walikuwa wanawake wasiopungua mia. Mlango wa nyuma wa gari ukainuliwa, kifuniko cha sanduku kikafunguliwa, pazia linaning'inia mbele kama aibu. Msabaha alishuka akaja kusimama kando ya pazia, kalishika ncha kwa vidole viwili. Bi Mardhiya akavaa miwani, akakunja mikono ya gauni.

"Kanga, doti ya kwanza!" aliita, akaikunjua juu, akaikagua pindo, hakupata kosa. Vigelegele. "Doti ya pili! Hii wino wake umefifia, lakini tuendelee."

Tabia alikuwa anahesabu naye moyoni. Zilikuwa doti kumi na mbili, shuka nne, mashungi na kisutu. Nguo zikiisha, chini kulikuwa na sufi na chuma. Alikuwa ametandika shuka ya chini kabisa akaishikiza pembeni, na dua yake yote ilikuwa juu ya ile shuka.

Wakati uleule Landrova iliingia mtaani, matope mpaka kwenye paa. Bwana Kitwana alishuka, tai imegeukia mgongoni, akaona jambo ambalo ofisa wa matangazo huliona mara moja maishani: wanawake mia, sare, wamelizunguka sanduku, wanashangilia kila kinachotoka ndani. Machozi yalimlengalenga.

"Huyu Msabaha ni hodari!" alimwambia mpiga picha. Akapenya mpaka kwenye kiti cha mbele cha Pijo, akatoa santuri ya kampuni mfukoni mwa koti, akaiweka, akakizungusha kitufe mpaka mwisho.

"Doti ya tisa!" Bi Mardhiya alikuwa anasema, mkono wote umezama sandukuni.

"BETRI ZA MWEWE!" likasema sanduku. "HAZICHOKI! HAZIZIMI! USIKU KUCHA!"

Kifuniko kikaanguka. Bi Mardhiya alionekana mara ya mwisho akivuka kizingiti cha nyumba ya tatu, doti ya tisa inapepea nyuma yake. "Lina pepo! Lina pepo!" Wanawake wakakanyagana, vibuyu vya waridi vikapasuka, na mpiga picha, asiyejua lolote, akapiga picha. Ajuza mmoja tu ndiye aliyebaki amekaa kwenye kigoda chake, anatafuna tambuu.

"Pepo gani huyo," aliuliza, "anayeuza betri?"

Msabaha alikuwa amekimbilia mbele kuizima santuri, na alipoliacha pazia, pazia nalo likaanguka.

Watu walirudi mmoja mmoja. Bi Sihaba alisogea na fimbo yake, akainama, akapitisha kidole kwenye ukingo wa tundu, mzunguko mzima. Njumu mbili zilikuwa zimekatwa nusu.

"Nani?"

Kila mtu alijitenga na Msabaha hatua moja, mpaka akabaki peke yake uwanjani kama mti wa kufungia mbuzi.

Bwana Kitwana, ambaye bado aliona mambo yanakwenda vizuri, alimsogelea bibi kizee na maikrofoni. "Bibi, ungependa kusema neno mbele ya umma?"

"Hiki ndicho kinachosema?"

"Ndicho, bibi. Sema hapa."

Bi Sihaba akakishika kama mwiko. "Msabaha," alisema, na sanduku likasema pamoja naye, kwa sauti iliyofika mpaka forodhani. Alishtuka. Akalitazama sanduku. Akarudia, kwa kuonja. "Msabaha! Nilikupa mjukuu. Sikukupa msumeno. Ulipokuja kuposa ulikuwa na kanzu ya kuazima, nikanyamaza. Ulisema una gari, gari lenyewe likasukumwa na waposaji, nikanyamaza. Leo hunyamaziwi! Wewe ni kijana gani, ukiona kitu kizima mkono unakuwasha?" Akavuta pumzi, ikasikika mji mzima. "Na wewe Mama Rehani, nimekuona hapo unacheka, kuku wako waache mchele wangu!"

Ilibidi Tabia amtoe maikrofoni taratibu, kidole kimoja kimoja, maana alikuwa ameanza kuipenda.

Lakini Bi Mardhiya alikuwa amerudi, miwani upande, na hasira ya mtu aliyeonekana akikimbia. "Mimi hili silipokei," alisema. "Sanduku la bibi harusi ni la kufungwa. Hili lina macho mawili mbele, siri za mke zitakaa wapi? Lirudisheni. Mkaazime jingine, au mlete kapu."

Neno kapu likapita kwa wanawake kama moto kwenye makuti. Tabia alimwona Msabaha ametazama chini, akamwona Bwana Kitwana ametoa karatasi yake na kalamu, anamtafuta mtu wa kutia saini katikati ya msiba ule, kwa sababu mpiga picha alikuwa na siku moja tu. Akajua kwamba samaki ameiva.

"Shikamoo, shangazi," alimwambia Bi Mardhiya.

"Marahaba. Hainibadilishi."

"Sitaki ubadilike. Nataka usikie." Akamgeukia ofisa. "Bwana, tusomee mstari wa sita. Kwa sauti."

Bwana Kitwana akausoma. Akausoma tena, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa hajauelewa mwenyewe.

"Mwenye chombo si mume wangu," alisema Tabia. "Wala si mimi. Sanduku hili likitoka mlangoni kwetu siku kama ya leo, lina mwenyewe, naye ni Mwanabaraka. Kampuni ikilitaka, itamlipa yeye, kila mwezi, shilingi mia na ishirini. Likirudi kwetu leo, shangazi, hizo nazo zinarudi kwetu."

Bi Mardhiya akaiweka sawa miwani. Akalitazama sanduku, mara hii kwa muda mrefu zaidi.

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi, bibi," alisema Bwana Kitwana. "Kwa mwaka mzima."

"Tabia!" Msabaha alinong'ona. "Mke wangu! Na gari je?"

"Gari lina abiria mmoja, Bwana. Litapakia sanduku kwa nauli, kama magari mengine."

Bi Sihaba akagonga fimbo. Alikuwa na masharti yake, naye aliyasema bila maikrofoni, kwa masikitiko. Rangi nyekundu haitagusa msaji. Huyo mwewe wao wamchore kwenye mlango wa gari. Adhana ikilia, betri zinyamaze. Na sanduku lisitoke siku yoyote pasipo mwanamke wa ukoo kukaa nalo. Ofisa alitaka kubisha sharti la pili, akaitazama ile fimbo, akaandika yote.

Tabia aliichukua karatasi akaipeleka mbio nyumbani. Mwanabaraka alikuwa kitandani, mikono imeviringwa majani na vitambaa kama mpiga masumbwi.

"Nitie saini ya nini? Dada, kalamu nitaishika kwa meno?"

"Nipe dole."

"Hina itaharibika! Kesho mume ataona dole moja jeupe."

"Mwambie hilo ndilo la kampuni."

Wakafungua kitambaa kimoja, wakalikanyagisha dole gumba kwenye karatasi, likaacha alama nyekundu, kubwa, yenye harufu. Bwana Kitwana alipoipokea aliinusa, akaipuliza ikauke, akaitia kwenye mkoba wa ngozi kwa adabu. Tai alikuwa hajaigeuza bado.

Bi Mardhiya alikuwa amekwisha kurudi kazini. Kifuniko kilikuwa wazi, na hesabu ilikuwa imefika kwenye shuka. Alitoa ya nne, ile ya chini, akaona sufi na sumaku na waya, akaguna, akavifunika tena mwenyewe kwa mkono wake. Halafu akasimama wima, akauelekea umati.

"Doti kumi na mbili!" aliita. "Shuka nne! Mashungi mawili! Kisutu kimoja!" Akatua, akawaangalia majirani zake mmoja mmoja. "Na kampuni moja!"

Vigelegele vya siku ile, wanasema waliokuwako, havikuhitaji spika.

Jumamosi ya tatu baada ya harusi, Msabaha alikwenda asubuhi kulichukua sanduku, kanzu safi, kofia mkononi. Aliamkia mlangoni, akaambiwa angoje. Akangoja barazani karibu saa nzima huku Bi Mardhiya anatoa nguo ndani ya sanduku moja moja, anazitaja kwa sauti mpaka mtaa wa pili. Kisha vijana wanane wakalipakia. Tabia alipanda mbele, santuri mapajani, miguu juu ya emplifaya, kwa kuwa ndiye mwanamke wa ukoo, na ndiye pia aliyekuwa mwembamba.

Walifika Kiwangwa jua limepanda. Tabia alikuwa hajawahi kufika huko. Aliangalia mashamba ya mananasi pande zote mbili, akitaka yasiishe. Walipoegesha na kuinua mlango, watu walitoka mashambani na majembe mabegani. Sauti ilimwagika juu ya mikorosho. Mama mmoja mwenye tenga la mananasi alilitua, akalizunguka gari, akalipapasa sanduku kwa kiganja.

"Kitu cha watu wakubwa hiki," alimwambia Msabaha. "Ni chako, baba?"

Msabaha alifungua kinywa. Akamtazama mkewe. Tabia alikuwa anaifuta santuri kwa ncha ya kanga, hakuinua macho.

"Cha shemeji yangu," alisema Msabaha. "Mimi nakibeba tu."

"Na wewe mwenzangu?"

"Mimi ndiye ninayekirudisha," alisema Tabia, akageuza santuri upande wa pili.